Maskini: neno la huruma lilianzia wapi, na kwanini wakati mwingine linauma

Chukua "maskini baba yake" na "baba yake maskini". Maneno ni yaleyale matatu, umebadilisha mpangilio tu, ila mtu yeyote aliyekulia kwenye Kiswahili anajua papo hapo kwamba ya kwanza mzee kapatwa na jambo, labda kafiwa labda mtoto kamuangusha, na ya pili mzee hana hela. Ya kwanza unaweza kuisema hata juu ya tajiri mwenye maghorofa Kariakoo, "maskini mzee wa watu, mwanae wa pekee kaondoka jana", hakuna atakayeshangaa, lakini ya pili ukiisema juu ya mzee huyohuyo watu watakuuliza umekula nini. Yaani neno moja lina kazi mbili, likitangulia mtu linakuwa sauti ya huruma, likimfuata linaongelea mfuko wake. Na likikaa peke yake, "maskini!", hapo mpaka usikie sauti ya msemaji, maana kuna ile ya kuvuta, maskiiini, ya mtu anayeangalia mtoto kalala bila kula, na kuna ile fupi ya kukata ambayo ni tusi kabisa na watu wameshapigana kwa ajili yake.

Swali linaloulizwa sana ni kipi kilitangulia, huruma au kukosa hela. Wengi wanajibu haraka kwamba kwanza lilikuwa neno la asiye na kitu, alafu kwa kuwa asiye na kitu anatia huruma basi likahamia kwenye huruma. Inaingia akilini. Ila ukilifuata hili neno nyuma, na nyuma yenyewe ni mbali kweli, karibu miaka 4,000, unakuta vyote viwili vilikuja baadae. Kilichotangulia ni kuinama, yaani nani yuko juu na nani yuko chini, na mimi naamini hadi leo hiyo juu na chini haijatoka ndani ya neno, ndo maana linaweza kubembeleza na linaweza kuchoma.

Angalia tunavyolitumia pembeni ya "pole". Pole unampa mwenyewe, maskini unaisema juu yake. Ukienda msibani unamshika mfiwa mkono, unamwambia pole, poleni sana, Mungu awatie nguvu, ile "maskini" inatoka mkishakaa pembeni kwenye jamvi na mwenzio, "maskini, na watoto wenyewe wadogo hivyo". Jaribu kumuangalia mfiwa mtu mzima machoni umwambie "maskini wewe", hata kama moyo wako ni safi yeye atasikia umemshusha. Wanaoambiwa usoni bila kuumia ni watoto, wagonjwa, na watu wa ndani kabisa, "maskini mwanangu, njoo hapa", mama anamwambia mtoto aliyeanguka akachubuka goti, na mtoto hapo analia zaidi kwa sababu kashajua anaonewa huruma. Mama yuko juu na mtoto yuko chini na wote wanaona ni sawa, kwahiyo neno linakaa vizuri. Wenzetu Nairobi wana "woiye" yao ambayo unaweza kumpa mtu usoni bila shida, na sababu naiona ni kwamba woiye haijawahi kumaanisha mtu fukara, haina mzigo huo mgongoni.

Sasa asili yake. Waliopita madrasa wengi wameshasikia maelezo kwamba maskini inatokana na herufi tatu za Kiarabu, sin, kaf na nun, ambazo zinabeba maana ya kutulia. Humo ndo kuna sukuni, kile kiduara kinachowekwa juu ya herufi isiyo na irabu, humo ndo kuna maskani, mahali pa kukaa, na wazee wa lugha ya Kiarabu wakasema basi maskini ni mtu ambaye shida imemtuliza, imemkalisha chini, hana nguvu ya kusogea. Ni maelezo mazuri na yamefundishwa karne na karne, mimi mwenyewe nayapenda. Ila wanaochunguza lugha za Kisemiti kwa kuzilinganisha wanasema neno lilikuja kwenye Kiarabu likiwa tayari limeshakuwa neno, limetoka Kiaramu, na Kiaramu kililitoa kwenye Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, yaani Iraq ya leo. Dalili moja unaiona kwenye Kiarabu chenyewe. Kwa kawaida ile M ya mwanzo kwenye maneno ya namna hii ni kiambishi tu, ukitengeneza kitenzi unaiacha, lakini Waarabu wana kitenzi tamaskana, kuwa maskini au kujifanya maskini, na M imebaki mulemule, kama vile walilimeza neno zima zima na wakaanza kujengea juu yake.

Huko Babeli lilitamkwa mushkenum, na limetoka kwenye kitenzi cha kuinama mpaka chini, kusujudu mbele ya mkubwa. Kwahiyo mushkenum ni yule anayeinama. Tunalijua vizuri kwa sababu ya jiwe moja jeusi lenye urefu wa mita 2 na robo hivi, lililochimbuliwa na Wafaransa kule Susa, Iran, mwaka 1901, saa hizi liko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Juu yake zimechongwa sheria za mfalme Hammurabi aliyetawala takriban mwaka 1792 mpaka 1750 kabla ya Kristo. Na sheria zile zinagawa watu mafungu matatu, kuna awilum ambaye ndo bwana, muungwana mwenye hadhi kamili, kuna mushkenum, na kuna wardum, mtumwa.

Hapa ndo unaona "maskini" wa kwanza alikuwa mtu wa aina gani. Sheria ya 196 inasema bwana akimtoboa bwana mwenzie jicho, na yeye atatobolewa jicho. Ile jicho kwa jicho ambayo watu wanaitaja kila siku. Sasa shuka mpaka ya 198, bwana huyohuyo akimtoboa mushkenum jicho au akimvunja mfupa, anatoa mina moja ya fedha, kama nusu kilo hivi, basi, jicho lake linabaki. Na akimtoboa mtumwa wa mtu analipa nusu ya bei ya mtumwa. Ukija kwenye matibabu, tabibu akimpasua bwana akapona anachukua shekeli 10, akimpasua mushkenum anachukua 5, mtumwa 2 na anayelipa ni mwenye mtumwa. Kwahiyo mushkenum alikuwa na bei yake kwenye kila kitu, jicho lake bei ya chini, na dawa yake bei ya chini pia. Mimi hiyo ya jicho inanikaa sana kichwani, kwamba neno tunalolitumia kumuonea mtu huruma lilianza kama jina la mtu ambaye jicho lake linalipika kwa fedha.

Lakini usidhani alikuwa ombaomba. Sheria ya 8 inasema mtu akiiba ng'ombe au kondoo au punda wa hekalu au wa ikulu atalipa mara 30, akiiba wa mushkenum atalipa mara 10. Maana yake huyu mtu alikuwa na ng'ombe wa kuibiwa, alikuwa na punda, na sheria nyingine zinaonyesha aliweza hata kumiliki watumwa. Wanahistoria bado wanavutana alikuwa nani hasa, wengine wanaona ni raia wa kawaida tu asiye na cheo, wengine wanaona ni mtu aliyekuwa chini ya ikulu, anategemea shamba la mfalme. Ila hakuna anayesema alikuwa hohehahe. Alikuwa na vitu vyake, kilichomuweka hapo ni kwamba yupo mkubwa ambaye yeye anapaswa kumuinamia.

Basi lugha zikapokezana. Kiaramu kikawa lugha ya biashara na ofisi toka Misri mpaka Uajemi, na mushkenum ikawa miskena, na humo njiani ndo maana ikateremka kabisa mpaka kwa asiye na kitu. Waebrania nao wakaichukua, ipo kwenye kitabu cha Mhubiri, sura ya 4, pale anaposema heri kijana maskini mwenye hekima kuliko mfalme mzee mpumbavu, kwenye Kiebrania neno ni misken, na sisi kwenye Biblia yetu tukaweka maskini, yaani baada ya kuzunguka kote kule neno limerudi likakaa kwenye kiti chake. Kuna sehemu nyingine nzuri zaidi. Wakristo wa Siria walitafsiri Injili kwa Kisiria, ambacho ni Kiaramu, zamani sana, na kwenye Mathayo 5:3 waliandika "miskene", maskini kwa roho. Fungua Biblia ya Kiswahili hapohapo unasoma "Heri walio maskini wa roho, maana ufalme wa mbinguni ni wao." Yesu na watu wake waliongea Kiaramu. Sisemi tunajua neno alilotamka siku ile, Injili zimetufikia kwa Kigiriki, ila bibi wa Iringa anayesoma mstari huo jioni ana neno mdomoni ambalo ni ndugu wa damu wa lile walilosoma wale Wakristo wa Siria.

Na hapo kwenye maskini wa roho unaona ile kuinama ya zamani imerudi, maana maskini wa roho hakuambiwa hana hela, ni mtu aliyejishusha mbele ya Mungu.

Kwa sisi wa pwani lakini, mlango mkubwa ulikuwa Qur'ani. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107, kwahiyo neno hili limesomwa kwenye hii pwani kwa miaka zaidi ya 900 tukihesabu kwa uchache. Mtoto wa chuo cha Qur'ani analijua kabla hajajua maana ya kitu chochote, yuko kwenye Juzuu Amma, fungu la mwisho la Qur'ani, anasoma Suratul Maun kwa kuyumba yumba, "wala yahuddhu ala twaamil miskin", hahimizi kulishwa maskini, na ni miaka mingi baadae anakuja kuelewa kwamba anayesemwa pale ni yule anayeikanusha siku ya malipo.

Kisha kuna ule mjadala wa kwenye zaka, ambao naona ni mtamu kuliko yote na watu wengi wanaupita tu. Suratul Tawba aya ya 60 inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na mawili ya kwanza ni mafakiri na maskini. Sasa kama ni kitu kimoja kwanini watajwe mara mbili? Na kama ni tofauti, nani mwenye hali mbaya zaidi? Hapo madhehebu mawili ya Kiislamu yakagawanyika. Mahanafi wakasema maskini ndo kaisha zaidi, na wanakutajia Suratul Balad, maskini aliye vumbini, aliyelala kwenye udongo hana hata cha kumtenga nao. Mashafii wakasema hapana, fakiri ndo mbaya zaidi, na ushahidi wao ni kwenye Suratul Kahf, kisa cha Nabii Musa na Khidhri, ile jahazi iliyotobolewa. Khidhri alipokuja kueleza alisema jahazi ilikuwa ya maskini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Basi Mashafii wanauliza, hawa si wana jahazi? Wana mali, wana kazi, na Qur'ani imewaita maskini, kwahiyo maskini ni yule mwenye kitu ila hakimtoshi, na fakiri ni yule ambaye hana au alichonacho hakifiki popote. Kwenye kufafanua wanatoa mfano wa mtu anayehitaji 10, akiwa na 2 au 3 huyo fakiri, akiwa na 7 au 8 huyo maskini.

Pwani yetu, toka Lamu mpaka Kilwa na Ngazija, ni Mashafii kwa wingi, na ukisikiliza Kiswahili chetu utaona kimefuata mlemle. Fukara kwetu ni mzito kuliko maskini. Mtu akisema "sisi maskini tu" unaona nyumba ya bati, watu wanakula mara mbili, watoto wanaenda shule ila kiatu kimoja, akisema "fukara" unaona pale hakuna kitu. Tena fukara ni wingi wa fakiri kwa Kiarabu, ila sisi tumeuchukua wingi tukaufanya mtu mmoja, fukara huyu, kisha tukaongeza na mafukara juu yake, na Kiswahili kikaendelea kulizalisha, mtu anafukarika, sera inafukarisha. Maskini haikutoa vitenzi vya namna hiyo kwa wingi kwetu, zaidi imebaki na umaskini.

Na angalia wale wenye jahazi tena. Wana chombo lakini mfalme akijisikia anakichukua. Huyo ni mushkenum mtupu, ana punda wake ana ng'ombe wake ila kuna mtu juu yake. Sidhani kama wanazuoni wa Kishafii walikuwa wanaiwaza Babeli, ila wameishia karibu kabisa na pale neno lilipoanzia.

Kuna na hadithi ya Mtume iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, naiweka hapa kwa maana yake, kwamba maskini sio yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mawili, tende moja au mbili, maskini ni yule ambaye hana cha kumtosha, hajulikani akapewa sadaka, na wala hasimami akaomba watu. Nadhani hii inabadilisha picha nzima. Ijumaa mijini kwetu utawakuta waombaji wamejipanga nje ya msikiti na kwenye milango ya maduka, wenye maduka wamebadilisha chenji toka asubuhi, kila mmoja anapewa sarafu anaondoka, na sisi kichwani tukisema maskini tunawaona hao. Hadithi inasema mgeukie jirani yako ambaye mlango wake umefungwa.

Wazee wa pwani walilijua hilo kwa vitendo. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani anatoa fidia, chakula cha maskini mmoja kwa kila siku, na kipimo kwa Mashafii ni kibaba kimoja, pishi ni vibaba vinne, kwahiyo mwezi wa siku 30 ni pishi saba na nusu za mchele. Unapimwa nyumbani, unatiwa kwenye mifuko, na mtoto anatumwa jioni, mpelekee bi fulani, mwambie mama anakusalimia. Hakuna anayetamka maskini pale mlangoni. Kwenye kitabu ni chakula cha maskini, kwenye mdomo wa mtoto ni salamu.

Nje ya kwetu neno limesambaa kupita kiasi, nitapita haraka. Wasomali wana miskiin, Waethiopia wana miskin, Wahausa miskini. Indonesia miskin ndo neno la kawaida kabisa la kukosa hela, na katiba yao ya 1945, ibara ya 34, inasema fakir miskin na watoto walioachwa watatunzwa na serikali, yaani lile jozi la Suratul Tawba limeingia kwenye katiba. Uturuki ndo kuna safari ya kusikitisha. Zamani mshairi Yunus Emre alijiita Miskin Yunus kwa unyenyekevu, mtumwa wa Mungu, alafu enzi za Waosmani nyumba za wagonjwa wa ukoma zikaitwa nyumba za mamiskini, na Kituruki cha leo ukimwita mtu miskin unamaanisha mvivu, mzembe, asiyejisogeza.

Ulaya limeingia kupitia Waarabu wa Andalusia, yaani Hispania na Ureno ya enzi zile, na biashara ya bahari ya kati. Wahispania wana mezquino, Wareno mesquinho, Wataliano meschino, Wafaransa mesquin, na mwanzoni lilikuwa na maana yetu hii hii, mtu duni mwenye kutia huruma, ila leo kote huko linamaanisha bahili, mtu mwenye roho ndogo, mchoyo wa mambo madogo madogo. Yaani huruma imekauka yote ikabaki dharau. Hatua zake unaweza kuziona, asiye na kitu ni mdogo, mdogo ni mwenye mambo madogo, mwenye mambo madogo ni mwenye roho ndogo. Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498 mabaharia wake walikuwa na mesquinho mdomoni, na miji waliyoifikia ilikuwa inaisoma miskin kwenye Qur'ani, na hakuna aliyejua kwamba hapo ndugu wawili wamekutana. Na Ufaransa sasa hivi limerudi mara ya pili, vijana wa vitongoji vya Paris wamelipata kwa familia zilizotoka Algeria, Moroko na Tunisia, wanasema miskine, na wanalitumia vilevile kama sisi, kuonea huruma kwa kweli au kumcheka mtu aliyeumbuka. Kwahiyo Kifaransa kina neno hili mara mbili, moja la kamusi lenye maana ya uchoyo na moja la mtaani lenye machozi.

Kiarabu cha mtaani, Misri mfano, wengi wanatamka maskin na sio miskin ya kitabuni, na Kiswahili kina ma- pia. Hiyo inanifanya nidhani sisi tulilipokea zaidi kwa masikio, kwa mabaharia na wachuuzi na wake zao, kuliko kwa msomaji wa juzuu. Na wanaobishana kama ni maskini au masikini, kamusi zinalijua hivyo vyote viwili, hiyo i ya katikati tumeiweka sisi kwa sababu mdomo wa Kibantu haupendi kubana s na k pamoja, ukiandika lolote hujakosea.

Kwetu nako limeanza kuelekea njia ya Uturuki. Sikiliza methali. "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba", hii iko upande wake, inalalamika kwa niaba yake, na ni ya kweli mpaka leo, mwendesha boda akionekana na simu ya bei mbaya swali la kwanza ni kaitoa wapi. "Tajiri na maliye, maskini na mwanawe", hii nayo inampa heshima, ana mtoto na mtoto ni kitu. Lakini "maskini akipata matako hulia mbwata" inamsema vibaya, haimruhusu hata kufurahi kidogo akipata. Na "maskini jeuri" ndo kabisa, unamwambia hivyo mtu asiye na hela aliyekataa kudharauliwa. Fikiria hilo neno vizuri. Kosa lake mtu huyo ni nini? Hajainama. Anatakiwa ainame kwa sababu hana, kagoma, basi kaitwa jeuri. Babeli wangelielewa bila kutafsiriwa. Kwa upande mwingine Waswahili wa Muscat na Zanzibar utawasikia wanamsema mtu "maskini hana maneno yule", wakimaanisha mpole, hana makuu, hamgusi mtu, na hiyo naiona ndo sura yake nzuri kuliko zote.

Baada ya uhuru serikali nayo ikalichukua. Nyerere na TANU walitangaza maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na kwa kuweka u- mbele wakakifanya kuwa kitu cha kupigana nacho, adui ni umaskini, mtu mwenyewe hakutajwa. Naona ilikuwa busara kubwa. Na Azimio la Arusha la 1967 linapoeleza kwanini tulionewa, tukanyonywa na tukapuuzwa, neno lililotumika ni unyonge, na unyonge ni kukosa nguvu, hauhusiani na kumuonea mtu huruma. Baadae mwaka 2005 ukaja MKUKUTA, Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini, hapo umaskini ukawa kitu cha asilimia, unapanda unashuka kwenye ripoti.

Alafu ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, na safari hii mtu mwenyewe karudi, ana jina na ana namba. Utaratibu wake ni kwamba wanakijiji wenyewe kwenye mkutano wanashiriki kuzitaja kaya zenye hali mbaya kabisa, majina yanasomwa mbele ya watu, watu wanakubali au wanapinga. Faida yake ni kubwa, majirani wanajua mambo ambayo hakuna dodoso litakaloyajua. Lakini kwenye mkutano huohuo neno linafanya kazi zake zote kwa pamoja, kuna anayetaka jina lake liandikwe na anaona aibu kusema, kuna anayetajwa na mwanae aliyeko mjini anakasirika kwamba mmetudhalilisha, na kuna yule wa kwenye hadithi, asiyejulikana na asiyesimama kuomba, ambaye hajaja mkutanoni kabisa.

Labda ndo maana waliochaguliwa hawaitwi maskini kwenye karatasi, wanaitwa walengwa. Mlengwa anasaini, anapokea ruzuku yake, watoto wake wanatakiwa waende shule na kliniki, na nimesikia mama mmoja akijitambulisha hivyo kwa sauti kabisa, "mimi ni mlengwa", bila kuinamisha kichwa, kitu ambacho na neno lingine asingekifanya. Hapo naelewa kwanini neno jipya limehitajika, na sina ugomvi nalo. Ila mama huyohuyo mvua ikibeba nyumba yake usiku, majirani watakaokimbia na ndoo na majembe hawatasema mlengwa, watasema maskini, na watalisema likiwa mbele ya jina lake.